Dashibodi ilisoma kilomita 131, gari likanizimikia Nainokanoka na chanjo ya ndama inayokufa saa kumi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humohumo.

Wale wa "mkuu fupisha", uzi ni mrefu. Tafuteni chai.

Naitwa Safari. Ndiyo, ni jina langu la kuzaliwa. Kwetu Wairaqw ni jina la kawaida kabisa, mama alinizaa akiwa njiani kwenda kwao. Nyumbani ni Endamarariek, kazi zangu ziko Karatu mjini. Nimeendesha magari ya wageni miaka mingi, nikachoka na dizeli, nikaagiza ka-SUV kadogo ka umeme, used, kutoka Japan. Brand sitaji, maana kosa halikuwa la brand.

Kwa mizunguko ya mjini gari lile lilinipa heshima. Halina moshi, halina kelele, halina oil ya kumwaga. Madereva wenzangu pale kijiweni wakaliita "pasi". Kila asubuhi ni "Safari, umechomeka pasi yako leo?" Nami nikawa nawajibu kwa dharau zote, maana moyoni nilijua wananionea wivu.

Sasa shikeni hapa, kisa kizima kinaanzia hapa.

Siku moja kabla ya tukio nilimpeleka jamaa yangu kwenye lodge moja huko juu, karibu na mashamba ya kahawa, upande wa kwenda geti la Ngorongoro. Nikalala hukohuko, nikachaji mpaka ikakaribia kujaa. Asubuhi dashibodi inasoma kilomita 118. Nikaanza kushuka kuja mjini. Njia ile karibu yote ni mteremko, pedali nimeigusa mara chache sana, na gari la umeme ukiliachia mteremkoni linarudisha chaji kwenye betri.

Nikafika mjini namba inasoma 131.

Wakuu, nimetembea kilomita kumi na kitu na range imeongezeka! Nikapiga picha dashibodi, nikarusha kwenye group la madereva, nikaandika, "Nyie endeleeni kupanga foleni sheli." Hata chai sijanywa vizuri, simu ikaita.

Alikuwa Daktari Vero. Huyu ni daktari wa mifugo, mtu wa Mbulu, maneno yake machache na hapendi kabisa kuchelewa. Nimeshambeba mara nyingi kwenda vijijini. Siku hiyo alikuwa na chanjo ya ndigana kali.

Kwa wasiofuga: ndigana inaletwa na kupe. Ndama leo unamwona anaruka na kunyonya, baada ya siku chache anapumua kwa shida, na wiki ikiisha huna ndama. Chanjo yake inakaa kwenye mtungi wa nitrojeni, baridi ambayo friji ya nyumbani haiijui. Ukishaiyeyusha na kuichanganya, unaiweka kwenye boksi la barafu na una masaa sita tu.

Mtungi wake mdogo wa kusafiria ulikuwa umeanza kuvuja asubuhi ileile. Gari analotumia lilikuwa gereji. Na huko alikokuwa anakwenda, ndama walikuwa wamezuiwa bomani tangu jana wakimsubiri.

Akaniuliza, "Safari, hako kagari kako kanafika Nainokanoka?"

Nainokanoka iko juu, ng'ambo ya msitu wa ukingo wa kreta, ukishapita getini unapanda halafu unashika kulia. Kutoka Karatu ni kama kilomita sitini.

Nikamjibu, "Daktari, hapa inasoma 131. Kwenda sitini, kurudi sitini, na chenji inabaki. Tena haina kelele ya kuwashtua ndama."

Akauliza tena, "Una uhakika? Mtungi wangu haufiki huko. Nikikubali kwenda na wewe, inabidi nitoe chanjo na kuiyeyusha hapahapa."

"Namba haidanganyi, Daktari."

Saa nne kamili akaiyeyusha. Akachukua kalamu nene akaandika kwenye mfuniko wa boksi: SAA 10 MWISHO.

Nataka mlielewe hilo, wakuu. Aliyeyusha kwa neno langu mimi.

Tulikuwa watatu garini. Wa tatu ni Saitoti, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, Mmaasai, mlinzi wa lodge moja hapa Karatu. Alikuja kutuonyesha njia kwa sababu ndama wenyewe walikuwa wa mama yake, anaitwa Mama Nasieku. Ndama thelathini na sita wa kwake, na wachache wa majirani.

Nikamuuliza Saitoti, "Boma lenu liko wapi hasa?"

"Ukipita Nainokanoka, hapo tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mimi nimezaliwa wilaya hii. Huku kwetu umbali haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa sauti. Mtu akikuambia "kule", ni karibu. Akisema "kulee", beba maji. Akisema "kuuuule" na mdomo ameuchongoa mbele, rudi nyumbani kajipange. Lakini "hapo tu" haina kipimo. Inaweza kuwa nyuma ya choo, inaweza kuwa Piyaya, mwisho wa dunia.

Sikuuliza mara ya pili. Nilikuwa na 131.

Lami ya kutoka mjini mpaka getini ni kama kilomita kumi na nane, inapanda taratibu, hata huioni kama ni mlima. Tumefika getini dashibodi inasoma 90. Nikapiga hesabu: nimetembea kumi na nane, zimeondoka arobaini na moja. Nikajiambia itatulia tukianza mwendo wa pole. Mnajua jinsi mtu anavyojidanganya akiwa ameshatamba.

Pale getini foleni ya magari ya wageni ilikuwa ndefu. Tunamaliza mambo ya vibali ni saa tano na nusu. Daktari anatazama saa, anatazama boksi.

Kutoka getini ndipo mlima wenyewe unapoanza. Wanaoijua barabara ile wanaijua. Udongo mwekundu, kona juu ya kona, msitu umekubana pande zote na ukungu umelala barabarani. Kioo kikaanza kufanya mvuke kwa ndani. Nikawasha hita ipulize kioo.

Namba ikaruka kutoka 78 mpaka 66 palepale. Sijatembea hata mita kumi!

Nikazima hita. Kioo kikafunga. Nikawasha. Namba ikashuka tena. Daktari akaniuliza, "Unachezea nini?" Nikamwambia narekebisha upepo. Mwisho nikazima kabisa, nikafungua madirisha yote mawili ya mbele, Saitoti akavua shuka yake moja, akainama mbele akawa anafuta kioo nayo. Baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno.

Tumefika juu ukingoni, pale wageni wanaposimama kupiga picha kreta, dashibodi inasoma 44. Kreta yenyewe haionekani, ni ukungu mweupe tu. Tumeshatembea kilomita ishirini na sita, na gari limekula themanini na saba.

Mbele yetu zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya thelathini kufika Nainokanoka. Na baada ya hapo kuna ile "hapo tu".

Daktari Vero akageuka akanitazama. "Safari, niambie ukweli. Sio wa gari. Wako."

Wakuu, nilitakiwa kusema hapohapo, "Daktari, tutafute gari lingine." Pale ukingoni Land Cruiser zilikuwa zinapita kila dakika, tungeomba lifti. Nikasema, "Huko mbele kuna miteremko, itarudisha." Nilisema hivyo kwa sababu ya ile picha niliyoirusha kwenye group asubuhi. Sina sababu nyingine, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Tukashika kulia, tukaingia msituni.

Naenda kilomita ishirini na tano kwa saa ili nibane chaji. Ukungu mzito, unaona kama urefu wa gari tatu tu mbele. Kimya. Unasikia majani yanadondosha maji. Saitoti akanigonga bega ghafla.

"Simama."

Nikakanyaga breki. Ukungu ukasogea kidogo, na pale barabarani, mbali kama kutoka sebuleni mpaka jikoni, amesimama nyati dume. Nyuma yake wengine, sikuwahesabu.

Gari la dizeli nyati anakusikia toka mbali, anajua unakuja, anaondoka zake. Mimi nilimfikia kimyakimya. Alishtuka kutukuta pale kuliko tulivyoshtuka sisi. Akainua pua, akapuliza pumzi. Madirisha yako wazi, kumbukeni, na lile la upande wa Daktari ndilo lililokuwa karibu naye.

Saitoti akasema taratibu, "Gari yako hii, nyati hajui kama iko. Usimpigie honi. Akikasirika tumekwisha."

Tukakaa. Dakika tano. Dakika kumi. Daktari amelikumbatia boksi kifuani, macho kwa nyati. Kichwani kwangu kuna vitu viwili tu, zile pembe na saa. Saitoti akaanza kuongea kwa Kimaasai, sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na ng'ombe wake jioni. Akaongea muda mrefu. Sijui alimwambia nini. Nyati akageuza kichwa, akaingia msituni, na wenzake wakamfuata mmojammoja bila haraka yoyote.

Dakika ishirini zilikuwa zimeondoka. Namba haikushuka sana, hilo nilisifie gari, likisimama halili. Lakini chanjo ilikuwa inahesabu.

Tukiendelea mbele, Saitoti ndiye aliyeongea, na alikuwa anaongea na kioo zaidi ya kuongea na sisi.

"Mwaka jana ndigana ilichukua ndama kumi na mmoja wa mama. Hajalia siku ya kwanza, hajalia ya pili. Alilia jioni moja ng'ombe wamerudi, maziwa yamejaa, wanaita watoto, na watoto hawako."

Daktari akasema tu kwamba chanjo nyingine haitafika mpaka mvua zipite, na mvua ndizo zinazoleta kupe.

Tukatoka msituni. Ukungu ukaachia, nyasi za juu zikafunguka, bonde hadi bonde. Kuna mteremko mzuri kabla ya Nainokanoka, nikauachia wote bila kugusa pedali, namba ikapanda kutoka 9 mpaka 14. Nikawaambia, "Si mnaona?" Nilikaribia kushangilia. Mpando uliofuata ukazichukua zote na nyingine juu yake.

Baada ya Nainokanoka namba zikatoweka. Mahali pa kilomita kikabaki vistari vitatu tu, — — —. Gari lenyewe limekata tamaa ya kukadiria.

Halafu kikawaka kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu ninunue gari lile. Picha ya kobe. Kakobe kadogo katikati ya dashibodi. Wenye EV mnajua, maana yake gari limejipunguzia nguvu lenyewe ili lisogee hatua za mwisho.

Saitoti akainama akaitazama ile picha. "Huyu ni nani?"

"Ni kobe."

"Kobe anafanya nini kwenye gari?"

Kwenye mpando mdogo tu, ambao hata mama mjamzito anaupanda bila kupumzika, gari likapunguza, likapunguza, likasimama. Saa nane kasoro dakika tano.

"Saitoti, boma bado wapi?"

Akanyoosha kidole, midomo ikaenda mbele.

"Kuuuuuuule."

Nilizihesabu zile "u", wakuu.

Kwa makadirio yake ya kutembea, ilikuwa kama kilomita saba. Pikipiki? Siku hiyo ilikuwa ya mnada, pikipiki zote za eneo lile zilikuwa mnadani. Kutembea na boksi kilomita saba kwenye ule mwinuko, sisi wa mjini, tungefika saa kumi kasoro robo kama tungefika. Ndama karibu arobaini hawachanjwi kwa robo saa. Na gari la kupita halikuwepo.

Daktari Vero alishuka, akafunga mlango polepole. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema, "Ungesema kule ukingoni," basi.

Saitoti akakimbia kwenye jiwe moja lililochomoza kando ya barabara. Kumbe kila mtu wa eneo lile analijua, ukisimama juu yake mtandao unashika. Akampigia mama yake, wakaongea Kimaasai, halafu akaweka sauti ya juu na kuniita.

Nikapanda kwenye jiwe, nikamsalimia Kimaasai kama mama yangu. "Yeyo, takwenya."

"Ikoo. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe, gari—"

"Gari tutaongea baadaye. Mmesimama wapi? Mmepita korongo lenye mawe meupe?"

"Tumepita, sasa hivi tu."

Nasikia upepo kwenye simu, nasikia ndama wanalia nyuma yake. Hesabu aliyoipiga mama yule pale ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu.

Akasema, "Chanjo haiji kwa ndama. Basi ndama wanakuja kwa chanjo. Lakini hawafiki hapo mlipo. Kuna josho la zamani, la wakati wa baba mkwe wangu, halina maji siku hizi lakini ukuta upo na njia ya kubana ng'ombe ipo. Mimi nina ndama mmoja mdogo kuliko wote, ana miezi miwili, miguu yake bado mibaya. Huyo anafika joshoni. Akipita pale analala. Kwa hiyo tunakutana joshoni. Nyinyi watu wazima mtatembea hicho kipande kikubwa."

Daktari akauliza, "Mama, hao wengine wakubwa wakitangulia mbele zaidi tukutane karibu, si tutaokoa muda?"

"Ndama hawaachani njiani, dakitari. Ukimwacha mdogo, mama yake anarudi. Mama yake akirudi, wote wanarudi. Natanguliza ng'ombe wenye maziwa, ndama watafuata. Tembeeni."

Akakata.

Tukatembea. Kutoka pale mpaka joshoni ni kama kilomita tano. Boksi tulipokezana mimi na Saitoti, ingawa zamu zake zilikuwa ndefu kuliko zangu na sikubisha. Pumzi kule juu haitoshi. Kila nikitaka kupumzika naona yale maandishi ya kalamu nene mbele ya macho yangu, maana boksi liko begani kwa Saitoti na mfuniko unanitazama. Daktari alivua viatu vyake vya mjini akavifunga kiunoni, akatembea na soksi. Saa nane na nusu. Saa tisa. Barafu ikaanza kugongana ndani ya boksi, dalili kwamba inayeyuka na vipande vinaogelea.

Tulipolipata josho ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano, na hawapo.

Ukuta wa saruji uliopasuka, majani yameota ndani, hakuna mtu wala mnyama. Nilikaa chini. Nikawaza, nimemuulia yule mama ndama wake wote kwa sababu ya picha ya dashibodi. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayo.

Saitoti hakukaa. Alisimama juu ya ukuta akitazama mlima wa pili. Halafu akapiga mluzi.

Wakatokea. Mbele ng'ombe wawili watatu wanatembea kwa madaha, nyuma yao ndama kama karanga zilizomwagika, na nyuma kabisa mwanamke mrefu wa shuka la bluu na fimbo, anatembea mwendo uleule bila kukimbia. Kando yake ndama mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni, kichwa chini, anatupa miguu.

Daktari alishaanza kujaza sindano kabla hawajafika. Kila ndama sindano mbili, moja ya chanjo na moja ya dawa ya kuukinga mwili usizidiwe na hiyo chanjo. Hereni za alama ya chanjo akasema tutavalisha baadaye. Mimi na Saitoti tunakamata, Mama Nasieku anaita kila mmoja kwa jina, hakosei, huyu tayari, yule bado. Nilipigwa mateke ambayo sijawahi kupigwa. Hakuna aliyeongea neno lisilo la kazi.

Saa kumi kasoro dakika nane. Thelathini na tano wamekwisha, na wale wanne wa majirani. "Bado nani?"

Mama Nasieku akaonyesha kwa fimbo. Yule mdogo mwekundu alikuwa amefika kwenye kona ya ukuta wa josho, ameuegemea, na mbele ya macho yetu magoti yakakunja, akalala chini. Hapohapo ukutani. Si hatua kumi kabla, si hatua kumi baada.

Daktari akamfuata, akapiga magoti, akamchoma amelala. Saa kumi kasoro dakika tano.

Kwenye chupa zilibaki dozi kadhaa. Daktari akasubiri mpaka saa yake ikasoma saa kumi kamili, akazimwaga kwenye shimo. Halafu akakaa chini, akavaa viatu.

Mimi nikaenda kwa Mama Nasieku kuomba radhi. Nikamweleza yote, namba 118, namba 131, mteremko. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamkuna yule ndama shingoni.

"Hiyo gari yako," akasema, "ilihesabu ikiwa inashuka?"

"Ndiyo, mama."

"Tena asubuhi, imeshiba?"

"Ndiyo."

"Basi ilihesabu dume. Dume ameshiba anashuka kwenda majini, huyo anafika popote. Mimi nilihesabu huyu." Akampigapiga yule mwekundu. "Ukitaka kujua kundi linafika wapi, muulize aliye dhaifu. Wengine watakusifia tu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyoelekeza njia. Mimi nilishindwa kumtazama usoni, machozi yalikuwa karibu na sikutaka Saitoti ayaone.

Ndama wakapumzika, wakanyonya, wakarudi nyumbani polepole kabla ya giza. Hereni walivalishwa hukohuko bomani.

Na gari? Asubuhi yake lori lililokuwa linatoka mnadani lilikubali kulibeba. Ka-SUV kangu ka umeme kalirudi Karatu juu ya lori, katikati ya mbuzi, mmoja amepanda kwenye boneti na kufanya yake yote. Kijiwe kizima kilisimama kupokea. Picha zilirushwa kwenye lilelile group. Mmoja akaandika, "Pasi imeungua." Nilistahili.

Sasa najua kuna mtu ataandika "si ungenunua dizeli". Mkuu, gari bado ninalo na bado nalipenda. Kwa mizunguko ya Karatu halina mpinzani. Ile namba ya dashibodi inakukadiria kutokana na ulivyoendesha karibuni. Ukishuka inadhani dunia yote ni mteremko. Haijui kama kesho kuna mlima, baridi, matope, watu watatu na hita. Siku hizi nimebandika kipande cha karatasi juu yake. Nilipima mwenyewe njia mbaya kuliko zote ninazopita, siku ya baridi, gari limejaa watu, betri haijajaa vizuri. Ikatoka hamsini na mbili. Hiyo ndiyo nimeiandika kwenye karatasi, na abiria akiniuliza namtajia hiyo.

Na funzo la pili, ambalo si la magari. Ukishajua umekosea, sema ukiwa ukingoni, pale Land Cruiser bado zinapita.

Mwezi uliopita Mama Nasieku alinipigia. Ndama wote wapo, yule mwekundu ameshakuwa msumbufu, anapiga wenzake vichwa. Ananialika nikamwone. Wamesogeza boma kwa ajili ya malisho.

Nikamuuliza, "Mmehamia wapi, yeyo?"

"Hapo tu."

Nikavuta pumzi. "Hapo tu ya dume, au ya ndama?"

Akacheka sana, halafu akafikiri kidogo.

"Ya dume," akasema. "Njoo na gari ya mwenzako."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye EV huku bara, wa Karatu, Mbulu, Soitsambu, Njombe, popote penye milima, tajeni gari zenu zinafika kilomita ngapi kweli. Ila tafadhali, leteni namba za ndama.